Fildi ya Ng'ambo

Kwetu Kyela mtu akisema ametoka ng'ambo, hakuna anayemuuliza habari za Ulaya. Ametoka upande wa pili wa mto Songwe, Malawi, na ukimwangalia vizuri ana mfuko wa sukari. Mimi nimevuka mto huo tangu nikiwa mgongoni kwa mama, akipeleka mchele Karonga na kurudi na vitu vyake. Ndugu wa babu yangu wako huko. Wanyakyusa wa huku na Wangonde wa kule tunaozana na kuzikana, mpaka wenyewe ni shughuli ya watu wa forodha. Kwa hiyo siku ile barua pepe ya chuo ilipoingia, Februari 2023, ikinipongeza kwa kuchaguliwa kwenda kufanya kazi wiki kumi ng'ambo, na chini yake nikasoma Malawi, nilicheka peke yangu katika chumba cha bweni huko Uingereza hadi jirani akagonga ukuta.

Nieleze kwanza mambo haya yanavyokwenda, maana wadogo zangu huniuliza sana. Shahada ya uzamili ya maendeleo ya kimataifa kule kwa kawaida ni ya mwaka mmoja. Unaanza Septemba, unakula nadharia na takwimu hadi Mei, halafu Juni hadi Agosti ni tasnifu. Vyuo vingine vina njia ya pili: badala ya kujifungia maktaba, unapelekwa kwenye shirika katika nchi nyingine, unawafanyia kazi, na humohumo unakusanya takwimu zako. Sisi tuliosoma Tanzania jambo hili tunalijua kwa jina la fildi. Tofauti ni kwamba fildi ya nyumbani unapewa barua ya utambulisho na kutafuta ofisi kwa miguu yako. Hii ina tiketi ya ndege, bima, na fomu. Fomu kuliko vyote.

Fomu ya tahadhari ilikuwa na kurasa kumi na moja. Iliuliza kama nimewahi kuishi katika nchi yenye malaria. Mimi nimeugua malaria kiasi kwamba mama huitambua kwa kunitazama macho tu, lakini kisanduku kilitaka ndiyo au hapana, nikaweka ndiyo. Kisha tukakalishwa nusu siku kufundwa kuhusu mshtuko wa utamaduni: usinywe maji ya bomba, usiwapige watoto picha bila ruhusa, waheshimu wazee. Tulikuwa sita tunaokwenda nchi mbalimbali. Mwenzetu mmoja wa Ghana akaninong'oneza, "Leo tunafundishwa kuwasalimia bibi zetu." Tukacheka chinichini kama watoto wa madrasa. Nilitoka pale nikiamini kwamba semina ile ni ya wenzangu Waingereza. Mimi narudi jirani.

Kazi niliyopangiwa awali ilikuwa kuangalia vikundi vya kuweka na kukopa, ndugu wa VICOBA zetu. Malawi wanaviita banki mkhonde, yaani benki ya barazani, na ukoo wake wote unaanzia Niger mwaka 1991, ambako shirika la CARE lilianza na wanawake wa vijijini. Nilishasoma makala za kutosha kuhusu vikundi hivyo. Halafu Machi kikaja kimbunga Freddy. Kilikaa baharini na nchi kavu zaidi ya wiki tano, kikavuka Bahari ya Hindi nzima, kikaipiga Msumbiji mara mbili, na mara ya pili kikapanda hadi kusini mwa Malawi. Watu 679 walithibitishwa kufa na wengine zaidi ya 500 hawakuonekana tena. Udongo uliporomoka juu ya nyumba za Chilobwe pale Blantyre, na bonde la chini la mto Shire likageuka ziwa. Nchi yenyewe ilikuwa tayari katikati ya kipindupindu kilichoanza mwaka uliotangulia. Shirika lililonipokea likaandika: vikundi havina akiba tena, njoo utusaidie kupima njaa.

Blantyre mwezi wa Juni ni baridi, tena baridi ya manyunyu. Wanayaita chiperoni, kwa jina la mlima ulioko upande wa Msumbiji, na yakishuka yanaweza kukaa siku tatu bila kuomba radhi. Nami nilikuwa nimefungasha nguo za Kyela. Tukaondoka asubuhi na Land Cruiser ya ofisi, tukashuka ukuta wa milima kwa kona baada ya kona, masikio yakiziba, na kila baada ya kona mtu anavua nguo moja. Ukifika chini, ukivuka daraja la Kamuzu juu ya mto Shire, uko Chikwawa na jasho linatiririka. Mbele kidogo ni Nchalo, mashamba ya miwa hadi macho yachoke. Nikawa natazama miwa ile kama mtu aliyeonyeshwa kwao kwa marehemu babu. Sukari ya Malawi tuliyonywea chai utotoni huenda ilitoka hapa. Ilivyovuka Songwe sisemi.

Ofisini nilijitambulisha: natoka Kyela, kando ya Ziwa Nyasa. Pakawa kimya. Dereva, mzee wa makamo, akageuka taratibu akaitazama ramani ukutani, kisha akanitazama mimi. "Achemwali," akasema, yaani dada, "hilo ziwa hapa lina jina jingine." Ofisi nzima ikacheka na mimi nikacheka. Tangu siku hiyo tukakubaliana kuliita ziwa tu.

Kichewa nacho kilinidanganya. Maji ni madzi, mvua ni mvula, njaa ni njala, moto ni moto na nyumba ni nyumba, kwa hiyo wiki ya kwanza niliona lugha hii nitaiokota njiani. Kwenye daftari nilikuwa napanga nyumba tutakazotembelea kwa Kiswahili changu: Kaya ya 1, Kaya ya 2, Kaya ya 3. Mwenzangu wa ofisini akachungulia, akaangua kicheko hadi akakaa chini. Kumbe kwa Kichewa "kaya" ni jibu la mtu aliyeulizwa asichokijua, huku anainua mabega: sijui mie. Daftari langu zima lilisomeka Sijui ya 1, Sijui ya 2, Sijui ya 3.

Mwenzangu huyo lazima nimweleze. Alikuwa na umri kama wangu, ana shahada yake kutoka Zomba, na huo ulikuwa mwaka wake wa pili wa kujitolea katika shirika lile. Alilipwa nauli ya kabaza, ile baiskeli ya abiria, na pesa ya mandasi na chai. Mimi nilifika Jumatatu, Jumanne nikapewa meza. Meza hiyo ilikuwa yake. Aliihamisha mikoba yake mwenyewe, akaweka kiti chake karibu na dirisha, akaniambia pale kuna upepo zaidi. Nikaamini kwamba anapenda upepo. Ilinichukua wiki mbili kuelewa, na nilielewa kwa sababu siku moja mgeni aliingia akamuuliza yeye kama chai iko tayari.

Yeye ndiye aliyejua vijiji. Ndiye aliyejua kwamba mwanamke haendi kwa mfumu, mkuu wa kijiji, akiwa amevaa suruali tu, akanivua koti na kunifunga chitenje chake kiunoni ndani ya gari. Ndiye aliyetafsiri dodoso zima, kisha akalitafsiri upya alipoona jinsi watu wa bondeni, ambao wengi ni Wasena na Wamang'anja, wanavyosema mambo tofauti na watu wa Lilongwe. Ripoti ilipotoka, jina langu lilikuwa kwenye jalada. Lake lilikuwa kwenye ukurasa wa shukrani, katika sentensi moja na dereva. Niliandika barua pepe kuomba abadilishiwe nafasi, nikajibiwa kwa upole kwamba muundo wa ripoti umeshapitishwa. Ningeomba kabla ya kuanza kazi, wiki ya kwanza, kwa maandishi, ingewezekana. Anayejiandaa kwenda fildi ya namna hii akumbuke hilo kabla ya chanjo na dawa za malaria: uliza utakaa kwenye kiti cha nani, na kazi yake itaandikwa wapi.

Baadaye aliajiriwa, nikafurahi mno. Haikudumu. Uingereza ilikuwa imeshapunguza msaada wake kutoka asilimia 0.7 ya pato la taifa hadi 0.5 mwaka 2021, na mwaka 2025 wakatangaza kwamba utafika 0.3 ifikapo 2027. Mwaka huohuo Marekani wakaifunga USAID, shirika lao la misaada. Ile idara ya maendeleo ya kimataifa ya Uingereza, ambayo walimu wetu walipokuwa wakisimulia ujana wao waliitaja kama mtu anavyomtaja mwajiri wake wa kwanza, ilikuwa imemezwa na wizara ya mambo ya nje tangu 2020. Mimi nilifundishwa kazi ambayo nyumba yake ilikuwa inabomolewa upande wa pili. Mwenzangu alibomokewa nayo akiwa ndani. Sasa anauza nguo Limbe, na ananiambia biashara inaenda.

Nirudi kwenye njaa.

Darasani tulimsoma Robert Chambers, yule mzee wa Chuo Kikuu cha Sussex ambaye tangu miaka ya 1980 alikuwa akiwaonya wataalamu wa maendeleo kwamba wanaviona vijiji vya kando ya lami, tena wakati wa kiangazi, tena kupitia wanaume walio karibu na ofisi. Tulicheka sana siku ile, tukawasema wataalamu wa zamani. Sasa nikaitazama orodha ya vijiji vyetu. Vyote vilikuwa pembeni mwa barabara kuu ya M1 iendayo Nsanje, kwa sababu vya ndani gari lilikuwa halijaweza kupita tangu mafuriko, na mafuta ya gari yenyewe yalipatikana kwa foleni. Yaani walioumizwa zaidi ndio waliotoka kwenye sampuli, kwa sababu waliumizwa zaidi. Na kiangazi? Mwanafunzi wa Uingereza huenda fildi Juni hadi Agosti, kwa kuwa ndiyo likizo ya chuo chake. Malawi watu huvuna Aprili na Mei. Miezi ya njaa ni Desemba hadi Machi, wakati mahindi mapya bado yako shambani na ghala ni tupu. Miezi hiyo wanafunzi wote wako darasani, wanasoma kuhusu njaa. Sikumbuki tasnifu yoyote niliyopewa kama mfano ambayo mwandishi wake alikuwa kijijini mwezi wa Februari.

Chombo chetu cha kupimia kilikuwa dodoso kwenye kishikwambi. Sehemu moja unamuuliza mama wa nyumba: tangu jana wakati kama huu, hapa nyumbani mmekula nini? Yeye anataja, wewe unagusa makundi ya vyakula, yako kumi na mawili: nafaka, mizizi na viazi, mboga, matunda, nyama, mayai, samaki, na kuendelea. Kila kundi alama moja. Alama nyingi maana yake nyumba ina chakula cha aina nyingi, na nyumba yenye aina nyingi kwa kawaida ina uwezo. Ni kipimo kizuri na kinatumika duniani kote. Sina ugomvi nacho.

Nyumba ya kumi na tisa ilikuwa ya bibi mmoja na wajukuu wanne. Tulimkuta amekaa chini kando ya mafiga, sufuria mbele yake, anamenya vitu vidogo vyeusi, kila kimoja kama ngumi ya mtoto mchanga. Alikuwa anakishika kwa vidole vitatu, anakivua ganda kwa ukucha wa dole gumba, anakitupa kwenye bakuli, haangalii. Ukucha wenyewe ulishakuwa mweusi. Nikauliza ni nini. "Nyika," akasema. Kwetu nyika ni mbuga. Kule ni viazi vya yungiyungi, lile ua zuri linaloelea kwenye maji. Viko chini kabisa kwenye tope la madimbwi na mabwawa ya Shire, na anayevitaka huingia majini hadi kifuani, anavipapasa kwa vidole vya miguu, huku anajua kwamba mto ule una mamba. Mtu hali nyika kwa kupenda. Unga ukiisha ndipo watu hushuka majini.

Alinipa kimoja. Kilikuwa na ladha ya tope na uchungu kwa mbali. Nikakimeza, nikainua kishikwambi changu.

Nafaka? Hapana. Mizizi na viazi? Nikamtazama mwenzangu, akanitazama. Ndiyo: alama moja. Mboga? Majani ya porini, ndiyo. Samaki? Mjukuu alipata vidagaa wawili watatu hukohuko kwenye nyika, ndiyo. Matunda? Matunda pori, ndiyo. Bibi yule aliyekuwa hajaona unga wa mahindi kwa siku tisa alipata alama nne. Jirani yake, ambaye tangu jana alikuwa amekula nsima, ugali wao, kwa mboga mara mbili na akashiba, alipata mbili. Kwenye jedwali letu bibi ndiye aliyekuwa na afadhali.

Niliandika maelezo marefu kwenye kisanduku cha "mengineyo". Blantyre, takwimu zilipokuwa zinasafishwa, maandishi yote ya mengineyo yaliondolewa kwa kuwa programu ya uchambuzi haiwezi kuyahesabu. Nikayaokoa kutoka kwenye daftari langu la Sijui, nikayafanya sura ya tatu ya tasnifu. Msimamizi wangu aliipenda sana. Ndiyo iliyonipa alama za juu kuliko kazi zangu zote za mwaka ule. Bibi hajui kwamba nyika zake zilinipatia alama zile, na sijui ningemwelezaje.

Lakini kilichoninyima usingizi hakikuwa nyika. Ni karatasi.

Ili tuchague nyumba za kutembelea tulihitaji orodha ya kijiji. Betri ya kishikwambi ilikuwa imekufa. Amfumu akawaita watu chini ya mwembe, mimi nikakaa kwenye kiti nilichopewa, nikachukua karatasi ya mistari na kalamu, nikaanza kuandika jina baada ya jina. Mwenzangu alitangaza kama tulivyoagizwa: kazi hii ni ya utafiti, hakuna msaada utakaotolewa, kushiriki ni hiari. Watu wakaitikia vizuri. Mama mmoja akacheka. Nikaandika majina arobaini na moja, nikasaini chini, nikaweka na tarehe. Sijui kwa nini nilisaini. Mkono wa shule.

Fikiria wewe ungekuwa pale. Tangu Machi, kila gari jeupe lililokuja likaandika majina lilirudi na mahindi, maharage, vyandarua, au mablanketi. Hata kabla ya Freddy, fedha za serikali za Mtukula Pakhomo zilianza na majina, na ruzuku ya mbolea ilianza na majina. Leo anakuja msichana kutoka Uingereza, ameagizwa kutoka mbali hivyo, anakaa kwenye kiti, anaandika jina lako kwa wino, anasaini, halafu anasema hakuna kitu. Mtu mwenye akili zake anaelewa kwamba ndivyo watu wa ofisi wanavyotakiwa kusema.

Wiki tatu baadaye shirika jingine kabisa likagawa mahindi katika kijiji jirani. Kijiji chetu hakikuwemo. Watu wakamwendea amfumu: majina yetu yalipelekwa wapi? Siku ya pili yake ikawa: majina yetu yaliuzwa kwa nani?

Amfumu alikuja ofisini kwetu boma, yaani makao makuu ya wilaya, kwa kabaza, amevaa koti la suti juu ya shati lisilo na kola. Akavua kofia. Hakuketi hadi alipoambiwa mara mbili. Alichotaka ni kitu kimoja, barua yenye mhuri inayosema kwamba majina yale hakuyauza. Ofisi ikatafuta, ikaonekana hakuna utaratibu wa barua ya namna hiyo. Nikampigia msimamizi wangu Uingereza, akanishauri kwa wema nisijiingize. Yule mzee akanywa chai yake yote, akashukuru, "zikomo", akavaa kofia. Aliponipita akasema kitu, mwenzangu akanitafsiria wakati kabaza imeshaondoka: "Anasema wewe ni mtoto tu, ulitumwa."

Neno lile lilinipeleka Kyela moja kwa moja. Nikiwa kidato cha pili, ulikuja kwetu mpango mmoja wa kusaidia kaya maskini. Jina la mama lilisomwa kwenye mkutano wa kitongoji, watu wakapiga makofi, na mkutano uliofuata halikusomwa. Mama hakumsalimia mwenyekiti wa kitongoji kwa miaka minne. Walipokutana njiani alikuwa anashuka shambani, anampisha, anapanda tena barabarani. Mimi niliona yote hayo kwa macho yangu. Na bado nilikaa chini ya mwembe wa watu na kalamu, nikaandika. Nilidhani ile semina ya nusu siku hainihusu!

Jumamosi tulirudi kijijini, mimi na mwenzangu, kwa kabaza, kwa nauli yetu. Hakukuwa na gari wala kishikwambi. Nilisimama, nikasema majina ninayo mimi, hayajauzwa, na amfumu hana kosa. Wakasikiliza. Kisha akasimama mama mmoja, mtoto kifuani, akaongea bila hasira, mwenzangu akitafsiri sentensi kwa sentensi.

"Uliponiandika uliniuliza ni siku ngapi tumelala na njaa. Nikakwambia. Uliniuliza kama nimewahi kuwanyima watu wazima ili watoto wale. Nikakwambia hata hilo, ambalo mume wangu hajui. Sasa unasema hukuja kwa ajili ya njaa yangu. Ulikuja kwa ajili ya nini?"

Nikajibu jambo kuhusu sera na watunga sera. Mwenzangu alinitazama kidogo, akatafsiri. Ilichukua maneno machache sana kwa Kichewa. Mpaka leo sijamuuliza alisema nini, ila watu walitikisa vichwa kwa namna ya kunionea huruma, na mkutano ukaisha.

Siku ya kuaga, amfumu alinisindikiza hadi barabarani. Akauliza kama ile karatasi bado ninayo. Nikamwonyesha, ilikuwa kwenye mkoba, imekunjwa mara nne. "Itunze," akasema. "Hapa kwetu karatasi zinaliwa na mchwa, mchwa wakiacha zinachukuliwa na maji. Kwako huko zitakaa." Nikasema sawa, amfumu. Sikumwambia kwamba kamati ya maadili ya utafiti ilikuwa imeniandikia, kwa sababu nzuri kabisa na kwa usalama wake yeye na watu wake, kwamba kitu chochote chenye majina lazima kiharibiwe siku ya kukabidhi tasnifu.

Nilikabidhi Septemba. Kwenye korido ya idara kuna mashine ya kuchana nyaraka za siri. Nikaikunjua karatasi, nikaiingiza, ikatoka upande wa pili kama tambi. Nikajaza fomu ya kuthibitisha.

Oktoba, nikiwa kwenye basi natoka kurudisha funguo za chumba, ukaingia ujumbe wa mwenzangu kwenye WhatsApp. Shirika fulani lilikuwa limefika kijijini kuandikisha watu wa kupewa mbegu kabla ya mvua, wana haraka, wanaondoka kesho. Amfumu amewaambia wasijisumbue kuandika upya. Majina yapo, yamesainiwa, anayo mtoto wetu yuko Uingereza. Anaomba uyatume.

Niliandika "pepani", samahani, nikafuta. Nikamjibu kwamba waandike upya, leoleo, wasingoje, nitaeleza baadaye. Kisha nikageuza risiti ya chuo upande wa nyuma, nikatoa kalamu, nikaanza kuyatafuta kichwani, moja moja, kwa kufuata njia tuliyopita kutoka mwembeni: nyumba ya bibi wa nyika, ya jirani yake, ya yule mama mwenye mtoto kifuani. Basi likafika mwisho wa safari na dereva akazima taa. Nilikuwa nimeyapata kumi na saba. Yale mengine ishirini na manne, kaya.